Pointi Sita za Kijana wa Likoni

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mwalimu Alhamisi jioni, tukiwa barazani kwake na vikombe vya kahawa tungu. Shule moja ya bara, yenye timu kali ya mpira wa kikapu, ilikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi mchezaji. Karo, malazi na viatu, vyote juu yao. Walitaka jina moja kutoka kwetu ndani ya wiki mbili, na chini kabisa wakaongeza: "Tumeni na takwimu zake."

Mwalimu alinisomea sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, kisha akanitazama kama mtu aliyeletewa deni la mwenzake. Takwimu ni zangu. Yeye hufundisha timu ya vijana ya mtaa. Mimi huketi mezani na daftari, naandika nani kafunga, nani kakosa, nani kachota rebaundi, yaani kaudaka mpira uliokosa ringi, nani kapoteza mpira. Tumefanya hivyo misimu kadhaa kwenye kiwanja cha saruji upande wa Tudor, hapa Mombasa, karibu na mkono wa bahari, na muda wote huo sidhani kama aliwahi kulifungua daftari langu kwa hiari yake.

"Wa Likoni," akasema kabla sijaweka kikombe chini.

"Wa Kisauni," nikasema mimi.

Majina yao siyaandiki, ni watoto wa watu. Nitawaita kwa kwao, kama tulivyokuwa tukiwataja wenyewe pale mezani. Msimu ule tulikuwa tumecheza mechi 11 na kushinda 7. Kijana wa Kisauni alikuwa amefunga pointi 187, yaani 17 kila mechi, na hakuna aliyemkaribia, si kwetu wala kwa wapinzani wetu. Wa Likoni alikuwa na pointi 66. Sita kila mechi. Rebaundi 61, tano na nusu kwa mechi. Ukimpa mgeni karatasi yenye majina hayo mawili, hata chai haijapoa ameshachagua.

"Wewe wahesabu mpira unapoingia," Mwalimu akaniambia. "Mimi naangalia kabla haujaingia. Huyu wa Likoni ana moyo, Bwana Karani."

Nikamuuliza moyo niuandike safu gani. Hakucheka.

Mchana mimi ni mtu wa makaratasi ya kontena. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi kiasi cha kujua kwamba manifesti husema kilichoandikwa, na kilichomo ndani ni habari nyingine hadi mlango ufunguliwe. Lakini kujua jambo kazini ni kitu kimoja, na kulikumbuka unapokuwa na hamu ya kumshinda rafiki yako ni kingine. Usiku ule nililifungua daftari ili nimalize ubishi. Nilitaka namba moja tu, ya kumfunga Mwalimu mdomo.

Nikaanza na jambo la kwanza ambalo mtu yeyote anayejua takwimu za mchezo huu angeniuliza: hizo pointi 17 zimegharimu mitupo mingapi? Timu ina zamu za mpira zenye kikomo. Kila mtupo unaokosa ni zamu ambayo mwenzako hakuitumia. Dean Oliver, Mmarekani aliyeyapanga mambo haya vizuri mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliuvunja mchezo katika vitu vinne: ubora wa mitupo, kupoteza mpira, rebaundi, na mitupo huru ya baada ya faulo, na akauweka ubora wa mitupo mbele ya vyote. Unauhesabu hivi: chukua mitupo iliyoingia, ongeza nusu kwa kila ya pointi tatu, kisha gawa kwa mitupo yote aliyotupa.

Kijana wa Kisauni alitupa mara 198, zikaingia 71, kati ya hizo 14 za pointi tatu. Inakuja asilimia 39. Wa Likoni alitupa mara 58 tu, zikaingia 29. Asilimia 50 kamili.

Nikaingiza mitupo huru nikidhani itamwokoa kijana wangu. Kanuni ya hesabu hiyo hugawa pointi zote kwa maradufu ya mitupo, na kila mtupo huru huhesabiwa 0.44 tu, kwa kuwa si kila mtupo huru humaliza zamu. Hutolewa miwili kwa pamoja mara nyingi, na mwingine huja juu ya kikapu ambacho tayari kimeingia. Wa Kisauni alikuwa amepata 31 kati ya 52, wa Likoni 8 kati ya 14. Hesabu ikatoka asilimia 42 kwa 51. Daftari langu mwenyewe limenigeuka.

Sikumwambia Mwalimu. Nililala nalo.

Asubuhi nilipata utetezi, na naamini hadi leo ni utetezi wa haki. Yule wa Likoni alikuwa hatupi mpaka awe chini ya ringi na njia iko wazi. Mitupo yake 58 yote ni ya mlangoni. Wa Kisauni alikuwa akipewa mpira pale wenzake wote wameshakwama, watu wawili wamemsimamia, na refa anaangalia saa. Kumlinganisha na mtu anayechagua ni kama kulinganisha mvuvi wa kina kirefu na anayeokota kamba maji yakiwa yametoka.

Halafu kulikuwa na upepo. Hili watu wa viwanja vya ndani hawalifikirii. Waliozoea ukumbi wa Makande, ambako timu za Halmashauri ya Bandari huchezea, hutupa mpira kwenye hewa iliyotulia. Kiwanja chetu kiko wazi, na msimu ule ulikuwa wa kusi. Jioni kusi hupiga mpaka neti inalala upande. Ringi moja iko upande wa barabara, na anayetupa huko huukabili upepo. Nyingine iko upande wa maji, na huko upepo unakuwa mgongoni. Kwa kuwa timu hubadilishana pande baada ya mapumziko, na mimi huandika kila mtupo na robo yake, niliweza kuitenganisha mitupo ya pointi tatu ya kijana wa Kisauni. Upande wa maji: 10 kati ya 31. Upande wa barabara: 4 kati ya 30. Mitupo 30 ni michache, na bahati tupu huweza kuleta maajabu ya namna hiyo bila upepo wowote. Lakini mimi nilikuwepo. Nimeiona mipira ile ikifa hewani nusu hatua kabla ya ringi, kama mtu amekata uzi wake.

Kwa hiyo nikarudi kwa Mwalimu nikiwa na asilimia zinazomsaidia yeye na sababu zinazonisaidia mimi. Alisikiliza zote, akamega hamri, akauliza: "Na dakika?"

Dakika nilikuwa nazo. Huziandika kwa penseli pembeni, mtu anapoingia na anapotoka, lakini nilikuwa sijawahi kuzijumlisha. Kati ya dakika 440 za mechi zote, wa Kisauni alicheza 402. Wa Likoni 231. Hapo sura ikabadilika. Ukiwawekea wote dakika 40, zile pointi sita zinakuwa 11, na rebaundi zinakuwa zaidi ya 10. Yule wa Kisauni anapanda kidogo tu, 18 na ushei.

Kwa nini alicheza kidogo hivyo? Sababu mojawapo ilikuwa uchanga. Nyingine ilikuwa feri. Mechi zetu huanza saa kumi, na kijana alikuwa akitoka shule ng'ambo, anashuka mteremko wa Likoni na mkoba mgongoni, anasubiri feri, kisha matatu hadi Tudor. Mechi nne alikosa robo nzima ya kwanza. Tulikuwa tunamwona anakuja mbio kando ya ua, anafungua vifungo vya shati la shule huku anakimbia, na benchi lote linapiga kelele.

Nikafanya hesabu nyingine, ile ya kutazama timu badala ya mtu: ubao ulisomaje alipokuwa ndani, na ulisomaje alipokuwa nje? Akiwa ndani tulikuwa mbele kwa pointi 38. Akiwa nje tulikuwa nyuma kwa 21. Mwalimu alipoiona namba hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tujuane alilivuta daftari upande wake wa meza.

Ikabidi nimkate. Namba hiyo ilikuwa na feri ndani yake. Zile robo nne za kwanza alizokosa ndizo ambazo wapinzani huingiza watu wao bora, miguu bado mibichi. Katika robo hizo nne peke yake tulizidiwa kwa 16. Ukiziondoa, muda uliobaki aliokuwa nje tulikuwa nyuma kwa 5 tu. Na kwa upande wa pili, baadhi ya zile 38 za mbele alizipata dhidi ya watu waliokwisha kuchoka au wa benchi. Bado anatoka vizuri, lakini si kwa ule mwanya wa kwanza. Ratiba ya kivuko ilikuwa imejiandika daftarini mwangu ikijifanya ni ubora wa ulinzi.

"Sasa wewe wamtetea nani?" Mwalimu akauliza.

Swali zuri. Nikaamua kumjaribu yeye, maana mimi nilikuwa nimeshajichana vya kutosha. Nikamwomba aniambie kwa kichwa, bila daftari, yule wa Likoni hupoteza mpira mara ngapi kwa mechi. "Ah, yule? Hata mara moja haifiki." Na wa Kisauni? "Kila saa." Daftari lilisema 19 kwa wa Likoni na 31 kwa wa Kisauni, ambaye alicheza karibu dakika mara mbili. Kwa kila dakika 40, zote ni tatu na kitu, na wa Likoni ndiye aliyezidi kidogo. Mwalimu alikuwa amemwona kijana anayekuja mbio kutoka kwenye feri na viatu vya shule, akampenda. Na mpira ukimtoka mkononi mtu unayempenda unauona kama bahati mbaya. Ukimtoka yule mwingine, unauona kama tabia yake.

Jicho lina ugonjwa mwingine: hukumbuka mwisho. Februari 2021 mjini Yaoundé, Kenya iliwafunga Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74–73, kwa mtupo wa Tylor Ongwae wa sekunde ya mwisho. Tukarudi kwenye mashindano ya AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Hakuna kijana kiwanjani kwetu ambaye hajauiga mtupo ule. Muulize yeyote kati yao habari za robo ya pili ya mechi ile, uone. Na mimi, mtu wa namba, nilipojichunguza nikakuta kwamba nusu ya mapenzi yangu kwa kijana wa Kisauni yametokana na mitupo miwili tu ya mwisho aliyotushindia. Nilikuwa namwona kwa macho kisha namtetea kwa hesabu.

Mwalimu alimtaja Hasheem Thabeet. Kila ubishi wa namna hii hapa pwani humfikia Thabeet, kwa kuwa ni mtoto wa Dar es Salaam na habari yake inauma bado. Mita 2.21. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, msimu wake wa mwisho alizuia mipira zaidi ya minne angani kila mechi. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili katika uteuzi mzima wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ambako timu huchagua vijana wapya kwa zamu. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mwisho wa safari yake NBA alikuwa na wastani wa pointi 2.2.

"Ndizo namba zenu hizo," Mwalimu akasema.

Lakini waliomteua walikuwa pia na macho, tena macho ya kulipwa, na macho yale yaliona kitu kilekile: mtu mrefu anayezuia mipira. Walikubaliana, namba na macho, wakakosea pamoja. Ninavyokisoma kisa chake, swali lililokosekana ni hili: mafanikio haya yanatokana na nini, na hicho kitu kitakuwepo huko anakokwenda? Chuoni alikuwa mrefu kuliko watu waliomshambulia kwa kiasi ambacho NBA hakipatikani.

Swali hilo ndilo lililotutoa kwenye ubishi wetu wa baraza. Kijana wa Kisauni alikuwa na miaka 17 na mabega ya mtu mzima. Wa Likoni miaka yake hatukuijua hasa. Daftari langu lina safu 14 na hakuna hata moja ya umri. Aibu ndogo hiyo.

Yule aliyetutoa zaidi ni binti anayekaa nami mezani kushika saa. Anacheza timu ya wasichana, na huongea kidogo. Alikuwa amerekodi mechi mbili kwa simu, ameifunga kwenye nguzo ya ua kwa kipande cha leso kuukuu, kwa ajili ya wasichana wenzake tu. "Ami, Mwalimu," akatuambia, "nyote wawili mwafuata mpira. Mfuateni mtu."

Tulikaa kwangu Jumapili, laptopu juu ya meza ya kulia, sahani ya viazi karai katikati. Sheria ilikuwa moja: mechi nzima unamtazama kijana mmoja, mpira ukienda upande wa pili humfuati. Jaribu siku moja. Dakika tano za kwanza ni mateso, shingo inataka kugeuka. Baadaye unaanza kuona mchezo ambao hukuwahi kuuona.

Kuna tukio moja robo ya tatu ambalo tuliliangalia mara sita. Mpinzani wao mmoja, mwepesi sana, amempita mlinzi wake na anaingia katikati. Wa Likoni yuko mbali, upande wa pili wa eneo, anamlinda mtu wake. Kabla yule mwepesi hajampita mlinzi, kabla, wa Likoni ameshapiga hatua mbili. Hakimbii. Anatembea tu, kama mtu anayekwenda kufunga dirisha, na anapofika anasimama miguu imekanyaga vyema, mikono juu. Yule mwepesi anafika, anakuta mtu, anageuka, anautoa mpira nje. Basi. Hakuna bloku, yaani mtupo uliozuiwa angani, hakuna mpira ulioporwa, hakuna faulo. Daftarini, dakika ile ni tupu. Niliufungua ukurasa wake nikautazama: mtupu kweli.

Tukaanza kuhesabu hayo. Binti akaipa jina safu: "Waliogeuzwa." Katika mechi zile mbili, alipokuwa ndani, wapinzani walipenya katikati mara 31, na mara 14 waligeuka au wakatoa mpira bila kutupa. Alipokuwa nje walipenya mara 24, wakageuka mara 4 tu. Sidai makubwa. Mechi ni mbili, na kitu "kugeuzwa" tulikibuni wenyewe mezani. Mwalimu na binti walizozana juu ya matukio matatu hadi viazi vikaisha. Lakini nilikumbuka kwamba NBA yenyewe ilianza kuhesabu bloku msimu wa 1973–74. Bill Russell alistaafu 1969 na mataji 11, mzuiaji ambaye waliomwona husema hakuna mfano wake, na hakuna kitabu rasmi kinachoweza kukwambia alizuia mipira mingapi. Safu ilikuwa haijachorwa.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kutabasamu. Binti akasema tumtazame na wa Kisauni vilevile, ili tusimdhulumu.

Hapo ndipo kisa kilipokuwa kigumu, na nikipenda ningekiacha nje, kwa kuwa kinaharibu hadithi nzuri. Tulipomfuata wa Kisauni bila kufuata mpira, tuliona kwamba kila alipoinua mkono, walinzi wawili walimrukia, mara nyingine watatu. Mtupo ukikosa, chini ya ringi hakuna mtu wa kuziba. Na nani yuko pale? Wa Likoni, peke yake, anaudaka mpira na kuuweka. Katika mechi zile mbili wa Likoni alipata vikapu saba. Vitano vilitoka kwenye mitupo iliyokosa ya wa Kisauni.

Turudi basi kwenye zile asilimia zangu, 39 kwa 50. Sehemu ya ile 50 ilikuwa imelipiwa na ile 39. Daftari lilimwandikia mmoja kosa na mwingine sifa, kumbe ni tendo moja la watu wawili. Macho ya Mwalimu nayo yaliona kijana "mwenye moyo" akigombania mpira, yasione kwamba kijana wa Kisauni, anayetukanwa kwa uchoyo, ndiye aliyekwisha kumvuta mgombanaji mwingine mbali.

Tulikwenda Likoni siku iliyofuata. Mama yake huuza viazi na bajia nje ya nyumba, akatukaribisha tukae huku anageuza mafuta. Tulimwambia habari ya shule. Mwalimu akauliza umri kwa heshima, akijua maswali ya vyeti huwatia watu wasiwasi. Mama akaingia ndani akatoka na kadi ya kliniki iliyotunzwa ndani ya mfuko wa nailoni: kijana alikuwa na miaka 14 na miezi minne. Halafu, kana kwamba hatukumwamini, akaichukua suruali ya shule kutoka kwenye kamba akatuonyesha chini. Kulikuwa na mistari mitatu ya pindo lililofumuliwa, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na rangi yake ya kufifia. "Tangu Januari," akasema. "Sasa kitambaa kimeisha."

Miaka 14, akicheza na wenye 17. Kwangu mimi suruali ile ilikuwa na uzito kuliko kila kitu nilichokuwa nimekigawa na kukizidisha. Pointi sita za mtoto wa miaka 14 na pointi 17 za kijana wa miaka 17 haziko kwenye mizani moja, na mtu yeyote anayekadiria vijana kwa namba bila kuuweka umri pembeni anajihesabia hewa. Mwalimu naye alikiri barabarani, tukiteremka kuelekea kwenye feri, kwamba alidhani ni mfupi kwa maumbile.

Tuliandika barua pamoja, jambo ambalo peke yake lilichukua jioni mbili. Tulimpendekeza wa Likoni. Tuliweka pointi sita kama zilivyo, tukaweka dakika, tukaweka umri, tukaeleza safu ya waliogeuzwa na udhaifu wake, tukaambatanisha lile tukio la robo ya tatu. Na tukaandika wazi kwamba sehemu kubwa ya vikapu vyake hutokana na mwenzake, na kwamba wakiwa na nafasi ya pili, huyo mwenzake asiachwe. Mwalimu ndiye aliyelazimisha aya hiyo, si mimi.

Jibu lilikuja siku mbili baadaye, maneno mawili: "Anafunga ngapi?"

Mwalimu akaandika: "Sita." Kukawa kimya hadi jioni. Kisha simu ikalia, na kwa adabu zote mtu wa upande wa pili akauliza kama hatuna mfungaji. Tungefanyaje? Kijana wa Kisauni alikuwa anastahili kusoma, na nafasi ingekwenda mji mwingine. Tukatoa jina lake. Alisafiri kwa basi la usiku, na nusu ya timu ikamsindikiza hadi Mwembe Tayari.

Siwalaumu sana waliouliza. Wana karatasi nyingi mezani, na swali lao ndilo lingekuwa langu wiki mbili nyuma. Ninachokiona kigumu ni kwamba hawakukosea kwa kufuata takwimu, maana barua yetu ilikuwa imejaa takwimu. Waliichagua namba moja kwa sababu ilikuwa na umri mrefu kuliko nyingine zote.

Sisi tukaendelea. Mechi nne za kwanza bila kijana wa Kisauni, wa Likoni alipata wastani wa pointi nne, na mitupo yake ikaingia mmoja kati ya mitatu. Nilikuwa nikisubiri nafasi nzuri ya kumwonyesha Mwalimu, maana ndilo tulilolitabiri na halikuwa zuri kwa kipenzi chake. Kwenye safu ya waliogeuzwa hakushuka hata kidogo.

Baada ya mechi ya nne alikuja mezani, jasho linamtiririka, akainama juu ya daftari. Akaweka kidole kwenye safu mpya.

"Ami, hii ni ya nini?"

Nikamweleza: kila anayekuja akakukuta akarudi, naandika kijistari. Akatazama vijistari vyake kwa muda.

"Hiyo mbona rahisi," akasema. "Siwaangalii mpira. Naangalia viuno, kiuno hakidanganyi." Kidole kikahamia safu ya pointi, kikasimama kwenye ile nne. "Na yule ndugu yangu, likizo arudi lini? Akikosa yeye ndipo mimi hufunga."

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu Alhamisi ile ya barazani, mmoja wetu kumsikia akizungumza habari za mchezo wake. Hatukuwa tumemuuliza.